Kabati la Marehemu: Kitabu cha Karatasi, cha Simu na cha Kusikiliza



Ndugu msomaji, mwezi wa Rajabu uliopita niliitwa nyumba moja ya mtaani kwetu kuamua jambo ambalo sikudhani nitakuja kuulizwa. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mjane wake amekwisha toka edani, na mirathi imegawanywa kwa salama bila ya mtu kumnunia mwenziwe. Kilichobaki ni kabati la vitabu. Si kabati kubwa: rafu nne za mvule, kioo kimoja kimepasuka, na ndani yake vitabu vya umri wa mtu mzima, vya fiqhi, vya sira, diwani za mashairi, majuzuu ya watoto yaliyochakaa, na katikati, limefungwa kwa kitambaa cha kijani, buku la Qurani Takatifu, tarjama ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy.

Mwana mkubwa, afanyaye kazi bandarini, alisema: "Shekhe, yote haya yamo humu," akanionyesha simu yake. Akasema kabati lavuta mchwa, chumba chatakiwa, vitabu apewe atakaye na visivyotakiwa viuzwe kwa kilo. Dada yake akasema labda auzwe yeye kwanza. Na mama yao, ambaye macho yameingia mtoto wa jicho, akasema kwa upole kwamba yeye hana haja na karatasi wala simu; haja yake ni redio ndogo aliyoletewa na mjukuu, yenye kadi ndani, inayosoma Qurani na baada ya kila aya ikasoma maana yake kwa Kiswahili. Kisha wote watatu wakanigeukia.

Sikuwapa jawabu siku ile. Niliwaomba wiki mbili. Nikalichukua lile buku la Sheikh Farsy nyumbani, nikamwomba yule kijana anitilie katika simu ya mwanangu nakala yake aliyokuwa nayo, na nikaazima ile redio ya bibi kwa siku tatu tu, maana alinihesabia. Nikasoma Suratu Yusuf na zile aya za mirathi za Suratun-Nisaa kwa njia zote tatu. Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyaona, na nayaandika kwa kuwa najua kabati kama lile liko katika nyumba nyingi zisomazo gazeti hili, na kila mwaka mababa na mababu wanaondoka.

Kwanza tusidhani kuwa suala hili ni jipya. Katika Kiswahili cha wazee wetu kitabu kiliitwa chuo, na pahali pa kusomea pia ni chuo. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake moja ya mkono ni ya mwaka 1728, jina lake la pili ni Chuo cha Herekali. Kitabu na shule ni neno moja, kwani hakuna aliyefikiri kuwa waweza kuwa na cha kwanza bila ya pili. Na wanavyuoni wa Hadithi walikwisha kulipima jambo hili zamani. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, yaani 1245, alizihesabu njia nane za mtu kuipokea ilimu ya Hadithi. Iliyo juu kwa walio wengi ni kusikia kutoka kinywani mwa shekhe. Inayofuata ni mwanafunzi kusoma na shekhe kusikiliza, na Imam Malik alizichukulia hizi mbili kuwa sawa, kwani Muwatta yake mwenyewe wanafunzi ndio waliomsomea. Iliyo chini kabisa, ya nane, huitwa wijada: mtu kukiokota kitabu, akakijua kuwa ni cha fulani kwa hati yake, lakini hakukisikia kwake wala hakupewa ruhusa naye.

Sasa tazama, ndugu yangu. Sisi twabishana kama karatasi ni bora kuliko simu, na kwa mizani ya wazee hao vyote viwili ni wijada. Hilo linapasa kutupunguzia majivuno sisi tupendao karatasi, na mimi ni wa kwanza wao.

Nianze na kusikiliza, maana ndiko kwenye heshima ya asili. Qurani iliteremka ikisikiwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuletewa karatasi. Aliambiwa asome naye hakuwa msomaji wa maandishi, na kila Ramadhani alikuwa akidurusu na Jibrili, na mwaka wake wa mwisho walidurusu mara mbili. Imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya Abdullahi bin Masud alipoamrishwa na Mtume amsomee, akastaajabu vipi amsomee yule aliyeteremshiwa, akajibiwa kwamba yeye hupenda kuisikia kwa mwengine. Akamsomea Suratun-Nisaa hata alipofika aya ya arubaini na moja akaambiwa basi, akatazama, akayaona macho ya Mtume yanatiririka machozi. Basi mtu asiseme mbele yangu kwamba kusikiliza ni kusoma kwa wavivu.

Wala uandishi haukuja kuondoa sauti. Msahafu ulikusanywa katika zama za Sayyidna Abubakar baada ya vita vya Yamama, kwa kuchelea kuondoka kwa wenye kuhifadhi waliokuwa wakiuawa vitani. Wanahistoria wetu wasimulia kwamba Sayyidna Uthman alipoipeleka misahafu mijini, aliipeleka na wasomaji pamoja. Na katika zama zetu hizi, watu wa Misri walipotaka kuilinda Qurani yote kwa sauti, walimweka Sheikh Mahmud Khalil al-Husary mbele ya kinasa sauti, na mwaka 1961 msahafu mzima wa sauti ukatoka. Wengi wetu tuliokua miaka hiyo na iliyofuata twalijua tamko la sawasawa la neno kwa kumsikia yeye redioni, kisha kwenye kanda, mara nyingi kuliko tulivyosahihishwa na walimu wetu.

Na tuseme ukweli kuhusu wanawake wa pwani. Wangapi katika mama zetu hawakufundishwa kuandika hata jina, na walikuwa na maulidi nzima kifuani? Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, alikuwa mwanamke ajuaye kalamu. Lakini utendi huo haukuenea majumbani kwa sababu kila nyumba ilikuwa na nakala. Ulienea kwa kughaniwa. Mwenye kukuna nazi hana mkono wa kushika kitabu, ana sikio. Kwa hivyo bibi yule na redio yake yu katika njia ya waliomtangulia, na mwanawe anapoicheka redio anacheka asichokijua.

Lakini niliisikiliza kwa siku tatu, na nitasema niliyoyasikia. Msomaji wa Qurani alikuwa mzuri. Msomaji wa Kiswahili alikuwa na sauti safi, ila hakutaja hata mara moja kwamba tarjama anayoisoma ni ya nani. Hili ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Tarjama si Qurani. Ni fahamu ya mtu, na mtu huyo ana jina, na alisoma kwa fulani, na aweza kukosea. Kiswahili kina tarjama zaidi ya moja: iko ya padri Godfrey Dale ya 1923, iko ya Makadiani ya 1953, iko ya Sheikh Farsy ya 1969, iko ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya 1995. Mama mtu mzima akae jikoni asikilize moja katika hizo bila ya kuambiwa ni ipi? Sheikh al-Farsy mwenyewe katika sherehe zake alikuwa akiwajibu Makadiani kwa kuwataja. Alijua kwamba jina la mwenye kutarjumu ni sehemu ya tarjama.

La pili, sherehe hazimo. Redio ilisoma maana ya aya na ikapita. Suratu Yusuf kwa namna hii husikika vizuri sana, pengine kuliko kuisoma, kwa kuwa ni kisa na kisa hutaka kuendelea. Naungama kwamba usiku wa pili nilisahau kuwa nimekuja kukosoa. Aya za mirathi hazisikilizwi hivyo. Nusu, thuluthi, sudusi, ikiwa ana mtoto, ikiwa hana. Kabla hujaipata ya kwanza imekwisha kuja ya nne, na redio haijui kuwa umekunja uso. Mwalimu huona uso. Hii ndiyo tofauti baina ya kusikia kwa shekhe na kusikia kwa chombo, na asiyeiona asidai kwamba amepata ile daraja ya kwanza ya Ibn Salah kwa kununua kadi.

Kuna na balaa jengine la sauti, nalo ni kukatwa. Shekhe ataja kauli ya anayempinga, aieleze kwa uadilifu kama inavyopasa, kisha aijibu. Mtu anakata dakika ya kwanza na kuirusha kwenye makundi ya simu, na jawabu likabaki kwenye kanda. Limenifika mimi mwenyewe, na nililetewa kauli yangu nikaulizwa vipi nimehalalisha lile nililokuwa nalikataza. Na siku hizi wako wanaokipa kitabu mashine ikisome yenyewe kwa sauti ya kutengenezwa. Nimeisikia moja: kila palipoandikwa s.a.w. baada ya jina la Mtume, ilisoma "sa, a, we" kama mtu ahesabuye herufi kwa mtoto. Kitabu kizima cha sira! Mwenye kuitoa hakukisikiliza hata ukurasa mmoja kabla ya kuwapa watu.

Niingie kwenye simu. Mimi si adui wa simu. Macho yangu hayana nguvu yalizokuwa nazo, na ile hati ndogo ya vitabu vya Misri, matini katikati na sherehe pembeni, leo naiona kama mstari wa chungu. Simu naikuza kwa vidole viwili na kila nukta inakuja. Natafuta neno katika juzuu kumi kwa muda wa kunywa kahawa. Msafiri hubeba maktaba katika kanzu. Na yako mambo ambayo bila ya picha tungeyapoteza: miswada ya msikiti wa Riyadha wa Lamu, vitabu vya mkono vya zama za Habib Saleh na kabla yake, ilipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza ili karatasi ikiliwa, maneno yabaki. Mwenye kuifanya kazi ile apewe haki yake.

Lakini sikiliza upande wa pili wa habari hiyohiyo. Mwezi wa Oktoba 2023 maktaba hiyo ya London ilishambuliwa na wezi wa mitandao, na huduma zake za mtandaoni zikafungwa kwa miezi. Wakati wote huo vitabu vyenyewe vilikuwa Lamu, na karatasi yake haikuomba ruhusa ya mashine ya London kufunuliwa. Na mwezi wa Julai 2009 huko Marekani, kampuni ya Amazon ilivifuta ndani ya vyombo vya wateja wake vitabu vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia, kwa sababu ya mgogoro wa haki za kuchapa. Kimoja ni kile ambacho kwetu chajulikana kama Shamba la Wanyama. Pesa walirudishiwa. Lakini nakuuliza wewe ulisomeshwa babu ya biashara chuoni: kitu ulichokinunua, muuzaji aweza kuingia nyumbani kwako usiku akakichukua na kukuachia pesa mezani? Basi hukununua. Ulikodi, na hukuambiwa ni kwa muda gani. Na usichokimiliki huwezi kukirithisha, wala kukiweka wakfu. Marehemu wa kabati lile aliacha vitabu vikabishaniwa na wanawe. Huyu mwenye simu, akifa, ataacha namba ya siri ambayo hakuna aijuaye.

Atasema: yangu mimi sikununua, nimerushiwa bure. Haya, na hiyo bure tuiangalie. Nakala aliyonitilia ya Qurani Takatifu ilikuwa imepigwa picha na mtu mwenye haraka. Kidole gumba chake kimo katika kurasa mbili. Matini yasomeka, lakini sherehe za chini, ambazo ndizo jasho la Sheikh Farsy, zimekuwa ukungu, na palipo na ukungu msomaji hupita. Na katika programu za Qurani nilizozifungua, tarjama huja aya moja moja, peke yake, bila ya maelezo. Mtu asoma aya ya vita au ya ndoa au ya mirathi ikiwa imesimama uchi, hana wa kumwambia iliteremka kwa sababu gani. Sheikh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar kisha wa Kenya hata karibu na kufariki kwake mwaka 1982, alikaa na watu na mashauri yao. Alijua aya gani huleta ugomvi nyumbani, na pale ndipo alipoandika maelezo. Kuitoa tarjama yake bila ya maelezo ni kumtoa kadhi mahakamani na kuacha kiti.

Wala usidhani nasema haya kwa kupenda kulaumu. Miaka michache nyuma aliletwa kwangu mjane mmoja wa shamba. Mumewe alifariki bila ya mtoto, akaacha ndugu wa kiume na minazi arubaini na minane. Mtoto wa ndugu, kijana mzuri, mwenye nia safi, ndiye aliyeombwa agawe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kitabu cha faraidhi katika simu. Akampa mjane thumni, minazi sita. Mama akalia kimya, maana ni nani apingaye kitabu? Bibi mmoja jirani, aliyesoma chuoni utotoni na hajashika kitabu miaka hamsini, akasema: "Mimi nilisikia robo kwa asiye na mtoto." Wakaja. Nikakitazama kitabu katika simu: aliyekipiga picha alifunua kurasa mbili kwa pamoja. Ukurasa wa robo haukupigwa. Ukurasa unaofuata unaanza na thumni, kwa mke wa mume mwenye watoto, na sharti hilo limebaki kwenye ukurasa uliorukwa. Minazi kumi na miwili ndiyo haki yake, na sita ilikuwa karibu kuuzwa. Angalia lililomwokoa: kitabu cha karatasi kilikuwa mbali, kitabu cha simu kilimdhulumu, na mwenye haki alitetewa na sikio la bibi aliyesomeshwa na mwalimu.

Kuhusu kuushika udhu kwa kusomea Qurani katika simu sitakawia. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamesema haina hukumu ya msahafu, na mwenye kuchukua ihtiati amefanya vizuri. Linalonishughulisha zaidi ni adabu. Msahafu ukiufungua, umefungua msahafu. Simu ukiifungua kwa Suratu Yusuf, katika aya ya ishirini na tatu, pale mlango unapofungwa na Yusufu anapomkimbilia Mola wake, ndipo inapokuja juu ya aya picha ya kanga za kuuzwa na salamu za harusi. Ilinifika, wallahi, na nikaisoma bei.

Na hao wanaorusha vitabu vya waandishi walio hai bila ya idhini waijue hukumu. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait Desemba 1988 liliamua kwamba haki ya mtunzi ni mali yenye kulindwa kisheria, haifai kuvamiwa. Mwalimu wa Pwani anayechapisha kijitabu cha watoto kwa pesa zake, kisha akakikuta katika simu za mtaa mzima kabla hajauza robo yake, ameibiwa, hata kama kila mwizi alisema jazakallahu kheri.

Je, karatasi haina aibu? Ina. Hewa yetu ya chumvi huila, mchwa huimaliza, na bei yake leo humfanya baba wa watoto watano achague baina ya kitabu na viatu. Wachapishaji wengine hawamchi Mungu: nina Minhaji yangu ambayo kurasa kumi na sita zimeshonwa kichwa chini, na miaka yote nimekuwa nikiigeuza kama chapati. Na yako yale mabuku ya jalada la dhahabu yaliyopangwa sebuleni yalingane na mapazia, hayajafunuliwa tangu harusi. Kitabu hicho hakina fadhila juu ya simu yoyote.

Pamoja na hayo mimi nachagua karatasi, na nitataja sababu ambayo wauza simu hawaitaji. Kitabu cha karatasi kina mahali. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kila ukurasa mistari kumi na tano, kila ukurasa huishia mwisho wa aya, na kijana aliyehifadhi kwa msahafu huo ukimtajia aya hufumba macho akakwambia iko kulia juu. Hakuhifadhi maneno tu, amehifadhi na pahala pake. Simu huviringisha maneno juu kama kamba ya kisima. Nilipomaliza Suratu Yusuf ndani yake nilikijua kisa na sikujua kitu kiko wapi. Katika lile buku la marehemu, hata leo naweza kukwambia ndoto ya mfalme iko ukurasa wa kushoto karibu na mshono, na kando yake pana doa la kahawa.

Na kando ya doa pana penseli. Hapa ndipo hukumu yangu ilipokatika, ndugu msomaji, na sikuitazamia. Yule mzee alikuwa ameandika pembezoni mwa kurasa zake muda wa zaidi ya miaka thelathini, kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili, kama walivyoandika wazee. Pahala pengine: "Shekhe alisema hivi Ramadhani." Pengine pana swali tu, na miaka baadaye kwa wino mwengine pana jawabu. Penye aya ya kumi na mbili ya Suratun-Nisaa ameandika hesabu ya mirathi ya dada yake, na chini: "Tumeelewana, alhamdulillahi." Nakala ya simu ya kijana wake ilikuwa ya kitabu kilekile, chapa ileile. Aliposema "yote haya yamo humu" hakusema uwongo kwa anavyojua. Hakuwa amelifungua buku la babake.

Niliporudi kwao nililiweka mbele yake, nikamfunulia pale penye hesabu. Alikaa nalo kitambo. Dada yake hakumwambia neno, na hilo namshukuru.

Warithi wote, ambao ni wakubwa wenye akili zao, waliridhia vitabu vya fiqhi na sira viwekwe wakfu katika msikiti wetu, na kabati lake pamoja, tukalitia dawa ya mchwa na kioo kipya. Diwani za mashairi alichukua binti. Qurani Takatifu imebaki nyumbani. Kijana wa bandarini, kwa kutaka mwenyewe, anapiga picha kurasa zenye penseli, polepole safari hii, bila kidole gumba, ili awapelekee ndugu zake walioko Muscat. Na katika hilo sina neno, simu ni yake na kazi ni njema. Redio nilimrudishia bibi siku ya tatu kama nilivyoahidi, na nikamwandikia mjukuu atafute rikodi inayotaja jina la mwenye tarjama.

Lakini bibi ana shauri lake. Baada ya Maghribi redio huzimwa, na mjukuu wa miaka kumi na mbili hulifungua buku kwenye marufaa akamsomea: aya, kisha maana, kisha sherehe ya Sheikh Farsy, kisha penseli ya babu yake. Juzi nilipita nikawakuta wamefika Suratu Yusuf. Mtoto alikuwa amekwama kwenye penseli iliyofutika, anageuza kitabu kwenye taa, ajaribu herufi moja, ajaribu nyengine. Bibi, asiyeiona hata taa vizuri, akamwambia: "Hapo babu yako ameandika, 'Yaakubu hakukata tamaa.' Alinisomea usiku ule alioandika. Endelea."